Bunge la Uingereza lilikwama wapi kwenye Brexit? Jibu kwa msomaji wa Coventry

"Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Coventry tangu mwaka 2018. Mke wangu ni raia wa Uholanzi, na karatasi zangu za kuishi hapa zimetokana na yeye. Mwaka 2019 ulitupita hatulali vizuri. Kila jioni Bunge linapiga kura, kila jioni jibu ni hapana, na sisi hatujui tumesimama wapi. Kazini kwangu, ghalani, wenzangu Waingereza mpaka leo wanasema wabunge waliwasaliti wananchi. Wengine wanasema Ulaya ndiyo iliyokataa kuwaachia. Shemeji yangu kule nyumbani anasema kama Bunge kongwe namna ile lilishindwa kujitoa kwa utaratibu, basi nchi yetu ikitaka kutoka kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki itakuwa balaa. Naomba unieleze: ni nini hasa kilichowakwamisha? Wananchi walishasema tutoke, sasa ugumu ulikuwa wapi? Na bado nina ile hadhi ya awali ya ukaazi, sijapata ya kudumu. Je, niwe na wasiwasi?"

Ndugu yangu, pole kwa usiku ule wa 2019. Umeuliza kama mtu anayetaka kuelewa siasa, lakini nahisi swali la mwisho ndilo lililokufanya uandike. Basi nikutoe hofu kidogo kabla ya yote: hadhi yako haiko hatarini kwa namna unayoidhania, ila kuna mambo ya kukagua, na mojawapo usilifanye peke yako. Nitalifikia. Nianze na Bunge, maana ukielewa kilichotokea kule utaelewa pia kwa nini karatasi zako ziko jinsi zilivyo.

Tuanze na hilo la usaliti. Jioni ya tarehe 15 Januari 2019, Waziri Mkuu Theresa May alipeleka mkataba wake wa Brexit, yaani wa kuitoa Uingereza katika Umoja wa Ulaya, mbele ya Baraza la Makabwela, ukumbi wa wabunge waliochaguliwa. Waliokubali walikuwa 202, waliokataa 432. Tofauti ya kura 230. Hakuna serikali ya Uingereza katika historia ya kisasa iliyowahi kuangushwa vibaya hivyo ndani ya ukumbi ule. Wenzako wa ghalani wanaikumbuka namba hiyo. Wanachosahau ni nani walikuwa ndani yake. Wabunge 118 wa chama chake mwenyewe, Conservative, walipiga kura ya hapana, na wengi wao ndio waliokuwa mstari wa mbele kutaka Uingereza itoke. Boris Johnson alikataa. Jacob Rees-Mogg alikataa. Hao huwezi kuwaita wapenzi wa Umoja wa Ulaya hata kwa utani.

Ni vizuri kujua kura ile inavyopigwa, kwa sababu utaratibu wenyewe unaficha jambo. Spika akishaita kura, kengele hulia jengo zima, na wabunge wana dakika nane kabla milango haijafungwa. Wa ndiyo hupita ushoroba wa kulia kwa Spika, wa hapana ushoroba wa kushoto, makarani wakitia alama majina yao, na wahesabuji wakitaja idadi wanapotoka. Hakuna pa kuandika sababu. Usiku ule, kwenye ushoroba wa hapana, mbunge aliyeona mkataba unaifunga Uingereza mno na Ulaya alibanana bega kwa bega na mbunge aliyeona mkataba unaitenga Uingereza mno na Ulaya. Nyuma yao wako waliotaka kura ya maoni irudiwe, na walio upande wa upinzani waliotaka serikali ianguke tu. Wote wakahesabiwa pamoja: 432. Lile halikuwa kundi. Ilikuwa mikusanyiko minne au mitano iliyokutana mlangoni.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu. Bunge lile lilikuwa na wingi wa kukataa kila kitu, na halikuwa na wingi wa kukubali kitu chochote. Kwa nini lilifika hapo? Kuna sababu nne, na hazina uzito sawa.

Ya kwanza ni swali lenyewe la mwaka 2016. Tarehe 23 Juni wapiga kura waliulizwa kama Uingereza ibaki kuwa mwanachama wa Umoja wa Ulaya au ijitoe. Asilimia 51.9 walisema ijitoe, asilimia 48.1 walisema ibaki, milioni 17.4 dhidi ya milioni 16.1. Wewe unasema wananchi walishasema. Ni kweli walisema, lakini walisema kutoka, hawakusema kwenda wapi. Kubaki kulikuwa kitu kimoja kinachojulikana. Kutoka kulikuwa vitu vingi: kuishi kama Norway, iliyo ndani ya soko la pamoja, lenye kanuni moja za bidhaa na watu kwenda huru, bila kuwa mwanachama; kubaki na umoja wa forodha peke yake, yaani ushuru mmoja kwa bidhaa za kutoka nje, kama Uturuki; kufanya mkataba wa biashara wa kawaida kama Canada; au kuondoka bila mkataba wowote. Sheria iliyoanzisha kura ile, ya mwaka 2015, haikutaja hata mstari mmoja juu ya nini kifanyike upande wa kutoka ukishinda. Kisheria ilikuwa kura ya ushauri. Kisiasa ilikuwa amri. Amri isiyo na maelekezo.

Ya pili ni saa. Ibara ya 50 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya inaipa nchi inayotoka miaka miwili tangu siku ya kutoa taarifa. Siku zikiisha bila makubaliano, nchi iko nje, mkataba uwepo usiwepo, isipokuwa nchi nyingine zote zikubali kwa kauli moja kuongeza muda. Hapa kuna dhana potofu nyingine ninayokutana nayo sana: watu hudhani Bunge likikataa mkataba, mambo hubaki yalivyo. Sivyo. Kukataa mkataba hakukusimamisha saa, kulisogeza tu nchi karibu na kutoka mikono mitupu. Na saa hiyo Bunge liliiwasha lenyewe. Mahakama ya Juu iliamua Januari 2017, majaji 8 dhidi ya 3, kwamba serikali haiwezi kutoa taarifa bila idhini ya Bunge. Bunge likatoa idhini kwa kura 494 dhidi ya 122, na barua ya taarifa ikaenda Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, tarehe 29 Machi 2017. Kwa hiyo mtu akikwambia wabunge tangu mwanzo walikuwa wamejipanga kuzuia, mwonyeshe kura hiyo. Kosa lao naliona upande wa pili kabisa: waliwasha saa kabla hawajakubaliana wanaelekea wapi. May alishatangaza Januari ile kwamba watatoka soko la pamoja na umoja wa forodha, tena kabla ya kuliuliza Bunge kama lina wingi wa kuunga mkono jambo hilo.

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nalitazama kwa mshangao. Akiwa na wingi mdogo lakini wa kutosha, saa ikiwa imeanza kwenda, aliitisha uchaguzi. Tarehe 8 Juni 2017 akarudi na viti 317 kati ya 650, bila wingi. Ili kuendelea kutawala ikambidi ategemee viti 10 vya DUP, chama cha Waprotestanti wa Ireland ya Kaskazini wanaotaka kubaki chini ya London. Kumi tu. Lakini shika namba hiyo, kwa sababu sababu ya tatu ni Ireland, na ndiyo nzito kuliko zote.

Wewe mtu wa Tanga unaijua Horohoro, mpakani na Kenya. Unajua maana ya lori kusimama, karatasi kukaguliwa, mzigo kupimwa, na dereva kunywa chai ya pili akisubiri. Sasa fikiria mpaka wenye urefu wa kilomita 500 hivi, unaovukwa na barabara zaidi ya 200, nyingine zikikata shamba la mtu mmoja vipande viwili, ambapo hakuna kituo hata kimoja cha ukaguzi. Ndivyo ulivyo mpaka wa Ireland ya Kaskazini na Jamhuri ya Ireland. Ng'ombe hukamuliwa upande mmoja na maziwa yakasindikwa upande wa pili, na hakuna anayesimamishwa. Zamani kulikuwa na wanajeshi na minara. Watu zaidi ya 3,500 walikufa katika miaka thelathini ya vurugu kabla ya Mkataba wa Ijumaa Kuu wa Aprili 1998. Uwazi wa mpaka ule ni sehemu ya amani yenyewe, na uliwezekana kwa sababu nchi zote mbili zilikuwa ndani ya soko moja na forodha moja.

Serikali ya May iliahidi mambo matatu kwa pamoja: Uingereza nzima itoke kwenye soko la pamoja na umoja wa forodha, pasiwe na vituo vya ukaguzi kwenye ardhi ya Ireland, na pasiwe na ukaguzi kati ya Ireland ya Kaskazini na Uingereza bara. Chukua mawili yoyote, la tatu linavunjika. Kanuni za forodha zikitofautiana, lazima mahali fulani mtu afungue lori. Swali ni wapi tu: kwenye ardhi, au baharini.

Jibu la May lilikuwa kinga ya mpaka, yaani kifungu cha dharura: kama makubaliano bora hayatapatikana baadaye, Uingereza yote itabaki ndani ya eneo moja la forodha na Ulaya mpaka yapatikane. Kifungu hicho kiliokoa ardhi ya Ireland na bahari pia, kwa gharama ya ahadi ya kwanza. Waliotaka kutoka kabisa wakaona ni pingu isiyo na ufunguo, kwa kuwa Uingereza isingeweza kujitoa humo peke yake. DUP nao wakakataa, maana bado kulikuwa na kanuni za bidhaa ambazo zingehusu Ireland ya Kaskazini peke yake. Kwa hiyo zile kura 10 zilizomweka May madarakani ndizo zilizomzuia kupitisha mkataba wake. Hakuwa na njia ya kuwaridhisha wala ya kuwaacha.

Watu wengi walidhani mkataba ule ulihusu biashara ya baadaye. Haukuhusu. Mkataba wa kujitoa ulishughulikia hasa mambo matatu: fedha ambazo Uingereza ilidaiwa, mpaka wa Ireland, na haki za raia wa Ulaya walioko Uingereza na Waingereza walioko Ulaya, pamoja na familia zao. Familia zao, ndugu yangu, yaani wewe. Mkataba wa biashara ulikuja kukamilika Desemba 2020, karibu mwaka mzima baada ya Uingereza kuwa imeshatoka. Bunge lilikwama mlangoni, safari yenyewe ilikuwa haijaanza.

Tarehe 12 Machi mkataba ulirudishwa na ukakataliwa tena, 391 dhidi ya 242. Kesho yake Bunge likakataa pia kutoka bila mkataba. Yaani ndani ya saa ishirini na nne lilikataa njia iliyokuwapo na likakataa matokeo ya kuikataa. Tarehe 18 Spika John Bercow akaongeza lake: akakumbusha kanuni iliyoanzia mwaka 1604, kwamba serikali haiwezi kuliletea Bunge swali lile lile tena na tena katika kikao kimoja. May akalazimika kukata kipande cha hoja ili iwe tofauti, akaahidi na kujiuzulu wakikubali. Ijumaa ya tarehe 29 Machi, siku ambayo Uingereza ilipaswa kutoka, walikataa kwa mara ya tatu, 344 dhidi ya 286. Safari hii Johnson na Rees-Mogg walikubali. Wabunge 34 wa Conservative hawakukubali, DUP hawakukubali, na hapo ndipo safari ilipoishia.

Lakini usiku unaonifundisha zaidi ni wa Jumatatu iliyofuata, tarehe 1 Aprili. Wabunge walikuwa wameshachukua ratiba mikononi mwa serikali ili wapige kura kwenye karatasi juu ya njia mbadala, wakitafuta angalau moja yenye wingi. Wiki iliyotangulia walijaribu njia nane, zote zikaanguka. Sasa zilibaki nne. Umoja wa forodha: 273 wakubali, 276 wakatae. Kura tatu tu! Kura ya maoni ya kuidhinisha mkataba wowote: 280 kwa 292. Kubaki kwenye soko la pamoja kwa mtindo wa Norway: 261 kwa 282. Ya nne, ya kuliwezesha Bunge kufuta Brexit ili kuepuka kutoka bila mkataba, 191 kwa 292. Nick Boles, mbunge wa Conservative aliyeileta hoja ya Norway, alisimama akatangaza hapo hapo kwamba anajitoa kwenye chama chake kwa kuwa chama kimekataa kulegeza kamba, akatoka ukumbini.

Tazama kilichofanya umoja wa forodha ukose kura tatu. Baraza la mawaziri lote lilikaa pembeni bila kupiga kura. Na baadhi ya waliotaka Uingereza ibaki kabisa ndani ya Ulaya nao walikataa au hawakupiga kura, kwa kuwa walitumaini kura ya maoni ya pili, na kukubali njia ya kati kungeiua nafasi hiyo. Kila upande uliamini kwamba ukisubiri kidogo tu, upande wa pili utachoka kwanza. Ndiyo maana sipendi neno usaliti. Wengi wao walikuwa waaminifu kupita kiasi kwa kile walichokitaka. Kila mmoja alishikilia chaguo lake la kwanza, na hakuna aliyeshuka kwenye chaguo la pili mpaka lilipokuwa limekufa.

Siku mbili baadaye hoja ya kuwapa siku nyingine ya kutafuta njia mbadala ilipata 310 kwa 310. Sare. Spika akaiangusha kwa kura yake, kama mila inavyotaka. Usiku huo huo mswada wa kumlazimisha Waziri Mkuu aombe muda zaidi ukapita kwa tofauti ya kura moja, 313 kwa 312.

Sababu ya nne haisemwi sana mitaani, lakini sisi wa sheria ya katiba tunaipa uzito. Kwa kawaida Bunge la Uingereza likikwama namna hii, serikali huanguka au Waziri Mkuu hulivunja Bunge na wananchi huamua. Safari hii njia zote mbili ziliziba. Sheria ya mwaka 2011 ilikuwa imemnyang'anya Waziri Mkuu uwezo wa kulivunja Bunge atakavyo: uchaguzi wa mapema ulihitaji theluthi mbili ya viti vyote, yaani kura 434. Na kumwangusha kwa kura ya kutokuwa na imani kulihitaji wabunge wa chama chake waiue serikali yao wenyewe. Tarehe 16 Januari, siku moja baada ya kushindwa kwa kura 230, May alipigiwa kura ya imani akashinda, 325 kwa 306, kwa kura za wale wale waliouzika mkataba wake jana yake. Johnson alipomrithi Julai 2019 aliomba uchaguzi mara tatu kwa sheria ile, akanyimwa mara tatu. Wapinzani walikuwa na hoja: waliogopa angetumia kipindi cha kampeni kuiacha tarehe ya mwisho ipite. Kwa hiyo serikali haikuweza kutawala, na Bunge halikutaka kuiondoa.

Johnson alijaribu kuvunja ukuta kwa nyundo. Aliwafukuza kwenye kundi la chama wabunge 21 waliompinga, wakiwemo waliowahi kuwa mawaziri wa fedha. Akaahirisha vikao vya Bunge kwa wiki tano. Tarehe 24 Septemba majaji wote 11 waliosikiliza kesi hiyo kwenye Mahakama ya Juu wakasema kuahirisha huko ni batili. Mwezi Oktoba akarudi na mkataba mpya ambao ungehamishia ukaguzi baharini, kati ya Ireland ya Kaskazini na Uingereza bara, jambo ambalo May alikuwa amesema hakuna Waziri Mkuu wa Uingereza angeweza kulikubali. Tarehe 22 Oktoba mswada ukapita kusomwa mara ya pili, 329 kwa 299. Ndiyo, ulipita! Dakika chache baadaye Bunge hilo hilo likakataa ratiba yake ya siku tatu, Johnson akausimamisha. Ilikuwa ndiyo ya kwanza tangu mkataba ulipofikishwa bungeni, na hata hiyo hawakuimaliza.

Wiki iliyofuata Ulaya ikaongeza muda mpaka 31 Januari 2020, wapinzani wakalegea, na uchaguzi ukaitishwa kwa sheria mpya iliyohitaji wingi wa kawaida tu. Tarehe 12 Desemba Conservative wakapata viti 365, wingi wa viti 80. Siku nane baadaye mswada ukapita kusomwa mara ya pili, 358 kwa 234. Hakuna aliyeshawishiwa. Watu wenyewe walibadilishwa, na DUP hawakuhitajika tena. Uingereza ikatoka saa tano usiku, tarehe 31 Januari 2020. Bei ililipwa na Ireland ya Kaskazini, iliyopata mpaka wa baharini na miaka kadhaa ya mvutano hadi makubaliano ya Windsor ya mwaka 2023 yalipopunguza makali.

Kuhusu Ulaya kukataa kuwaachia: Umoja wa Ulaya uliongeza muda mara tatu katika mwaka ule, mara zote kwa ombi la Uingereza. Tena mahakama yake iliamua Desemba 2018 kwamba Uingereza inaweza hata kufuta taarifa yake yenyewe bila kuomba ruhusa. Ilichokataa Ulaya ni kuitupa Jamhuri ya Ireland, mwanachama wake, kwa ajili ya nchi inayoondoka. Ukiwa Dublin ungetarajia hivyo hivyo.

Je, kulikuwa na njia bora? Nakupa maoni yangu, na wenzangu wengine hawatakubaliana nami. Kura ya maoni ya pili ingeweza kutegua kitendawili, lakini ingewaacha mamilioni wakiamini kura yao ya kwanza ilipuuzwa, na matokeo ya 52 kwa 48 upande wa pili yasingemaliza ugomvi. Kutoka bila mkataba kungekuwa rahisi kupigia kura na kugumu kuishi nako, hasa kwa wenye shamba na ghala. Naamini nafasi iliyopotea ni ya mwaka 2017, mara tu May alipopoteza wingi. Angeita wapinzani wakati huo, kabla ya kufunga mazungumzo Brussels, umoja wa forodha ungeweza kupata wingi. Aliwaita Aprili 2019, wakati hakuna aliyekuwa na sababu ya kumsaidia. Na zile kura za karatasi zingefanywa kwa kupanga machaguo, la kwanza, la pili, la tatu, badala ya ndiyo au hapana kwa kila moja, chaguo la pili la wengi lingejitokeza lenyewe.

Sasa shemeji yako. Hofu yake ina msingi lakini mfano haufanani sana. Ibara ya 145 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inataka mambo mawili: kwanza Bunge la nchi lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, ndipo itolewe taarifa ya maandishi ya miezi kumi na miwili kwa Katibu Mkuu, ambayo inaweza kufutwa kabla muda haujaisha. Ibara ya 50 ya Ulaya yenyewe huiachia kila nchi ifuate katiba yake. Mkataba wetu, kwa maneno mengine, unamlazimisha mtu kukusanya wingi mkubwa kabla saa haijaanza. Huko si kinga kamili. Theluthi mbili inaweza kukubali kutoka bila kujua inaelekea wapi, kama Waingereza, na ambapo chama tawala kina karibu viti vyote Bunge halikwami kabisa, ambalo ni tatizo la aina nyingine. Wazee wa Tanga watakukumbusha pia kwamba Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977 bila utaratibu wowote, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983, na mgawanyo wa mali ukasainiwa mwaka 1984. Hakukuwa na kura za usiku wala Spika wa kupiga kelele, na watu wa Horohoro walilipa miaka sita. Mimi, nikiambiwa nichague, nachukua mkwamo.

Tuje kwako. Haki zako zimo ndani ya mkataba uliopita Januari 2020, kwa hiyo serikali haiwezi kuzifuta kwa kauli ya waziri. Hadhi ya awali ya ukaazi hutolewa kwa aliyekuwa hajatimiza miaka mitano ya kuishi mfululizo alipoomba. Watu walikuwa wanaogopa kwamba ikiisha muda bila kuomba ya kudumu, haki zote zinakufa. Mahakama Kuu ya London iliamua Desemba 2022 kwamba haki hazipotei kwa sababu hiyo tu, na tangu hapo serikali imekuwa ikiongeza muda wa hadhi hizo yenyewe. Hiyo ndiyo sababu ya mimi kukwambia usikeshe.

Lakini usilale fofofo. Uliingia 2018, kama hukukaa nje ya Uingereza kwa vipindi virefu, miaka mitano umeshaitimiza na inawezekana kabisa unastahili hadhi ya kudumu sasa hivi. Ombi halilipiwi. Ingia kwenye akaunti yako ya uhamiaji mtandaoni, angalia hadhi inasomekaje, na kama ulibadilisha pasipoti ya Tanzania tangu uombe, hakikisha pasipoti mpya imeunganishwa, la sivyo utapata usumbufu kwenye kaunta ya ndege Dar es Salaam. Hayo unaweza kuyafanya mwenyewe.

Usiyoweza kuyafanya mwenyewe ni haya: kama uliwahi kukaa Tanga miezi mingi kwa ugonjwa au msiba, kama una kesi yoyote ya jinai hata ndogo, kama ndoa imeyumba, au kama ombi lako la kwanza lilichelewa kupita Juni 2021. Kanuni za siku za kukaa nje zimebadilika zaidi ya mara moja, na jibu la rafiki kwenye kikundi cha WhatsApp linaweza kuwa lilikuwa sahihi miaka miwili iliyopita. Hapo nenda ukakae ana kwa ana na wakili wa uhamiaji au mshauri aliyesajiliwa na mamlaka ya ushauri wa uhamiaji. Muulize namba yake ya usajili kabla hujatoa hata senti. Ofisi za Citizens Advice husaidia kukuelekeza bila malipo. Beba pasipoti zote, ya zamani na mpya, cheti cha ndoa, kumbukumbu za mishahara na kodi kwa kila mwaka tangu 2018, na orodha ya tarehe za kila safari uliyotoka nje ya nchi. Na mkeo aende nawe, na karatasi zake, kwa kuwa zako zilianzia kwake na mshauri atataka kuziona za wote wawili.